Dhima ya Kalamu Katika Mapinduzi ya Ufaransa

Katika kila mapinduzi ya kisiasa huwapo watu ambao hawakubeba silaha, hawakuketi mahakamani na hawakutia saini hukumu ya mtu yeyote, lakini hesabu ya yaliyotendeka haiwezi kufungwa bila wao kutajwa. Hao ni waandishi wa magazeti na wa vijitabu. Swali linalowahusu ni la kimaadili kabla halijawa la kihistoria: je, neno lililopigwa chapa na kuuzwa barabarani ni maoni tu, ambayo mwenye kuyatoa hadaiwi chochote, au ni tendo, ambalo mtendaji wake hubeba dhima, yaani wajibu wa kulitolea hesabu pamoja na matokeo yake? Wahenga waliosema kwamba maneno huumba walikwisha kuchagua upande, lakini hawakueleza mwandishi anawajibika kwa kiasi gani pale alichokiumba kinapokamilishwa na mikono ya wengine. Mapinduzi ya Ufaransa yanafaa kuwa uwanja wa kulipima swali hilo, kwa sababu katika miaka isiyozidi sita uchapaji ulifunguliwa ukawa huru karibu kabisa, ukatawala siasa, kisha ukafungwa tena kwa adhabu ya kifo, na baadhi ya watu walewale walishuhudia hatua zote tatu.

Kabla ya 1788 karibu hakuna kilichochapwa kihalali Ufaransa bila kupita kwa wadhibiti wa mfalme, na katika jiji la Paris idadi ya wenye haki ya kumiliki matbaa, yaani viwanda vya kupiga chapa, ilikuwa imewekewa kikomo cha watu 36. Julai 1788 serikali, iliyokuwa imeelemewa na madeni na kulazimika kuitisha Baraza la Matabaka baada ya miaka zaidi ya 170 bila kuliitisha, iliwaalika wenye ujuzi watoe maoni kuhusu namna ya kuliunda. Mwaliko huo ulivunja ukingo. Vijitabu, yaani maandishi mafupi yasiyo na jalada gumu, yanayochapwa haraka kwa ajili ya hoja moja na kuuzwa kwa bei ndogo, vilitoka kwa maelfu. Kilichosikika kuliko vyote, cha padri Emmanuel Sieyès, kilitoka Januari 1789 na kudai kwamba Tabaka la Tatu, yaani watu wote wasio makasisi wala makabaila, ndilo taifa lenyewe zima. Agosti ya mwaka huo Tamko la Haki za Binadamu na Raia, katika kifungu chake cha 11, lilitangaza kuwa kubadilishana fikra ni miongoni mwa haki zenye thamani kubwa kuliko zote za binadamu, likampa kila raia ruhusa ya kusema, kuandika na kuchapa, ila awajibike kwa matumizi mabaya ya uhuru huo katika hali zitakazotajwa na sheria. Uhuru na dhima viliwekwa katika sentensi moja, na ugomvi wa miaka iliyofuata ulikuwa juu ya uzito wa kila upande wa sentensi hiyo.

Ni muhimu kufahamu jinsi maandishi hayo yalivyowafikia watu, kwa sababu hoja nyingi za kifalsafa kuhusu uhuru wa uchapaji humfikiria msomaji aliyeketi peke yake na kitabu mkononi. Katika insha yake ya 1784 kuhusu maana ya kuelimika, mwanafalsafa Immanuel Kant alitetea uhuru wa kutumia akili hadharani, na kwa maneno hayo alimaanisha msomi anayeuhutubia ulimwengu wa wasomaji kwa maandishi. Paris ya 1790 haikuwa na hadhira ya namna hiyo. Nchini Ufaransa takriban nusu tu ya wanaume, na wanawake wachache zaidi, waliweza kutia saini majina yao katika daftari za ndoa. Gazeti lilinadiwa barabarani na wachuuzi waliopaza vichwa vya habari, likasomwa kwa sauti mikahawani, katika vilabu vya siasa na kwenye bustani ya Palais-Royal. Aliyelisikia hakuwa peke yake. Alilisikia akiwa amesimama katikati ya wenzake, huku akiziona nyuso zao na kupima kama hasira yake ni ya wote. Maandishi yalizaliwa katika chumba cha mwandishi, lakini yalipokewa na mkusanyiko.

Kwa swali la dhima kuna majibu mawili mepesi, na kila moja lina ukweli wake. La kwanza humfanya mwandishi kuwa kioo. Kwa mujibu wa hoja hii, Mapinduzi yaliletwa na mavuno mabaya ya 1788, madeni ya vita na kodi ambazo makabaila hawakuzilipa sawa na wengine. Bei ya mkate wa Paris ilifikia kilele katikati ya Julai 1789, wakati uleule ngome ya Bastille ilipotekwa, na tumbo tupu halihitaji gazeti kuliambia kwamba lina njaa. Yote hayo ni kweli, lakini njaa haina uwezo wa kutaja majina. Inaweza kumtoa mtu nyumbani. Haiwezi kumwambia aelekee kwenye mlango wa nani. Ili uchungu wa watu wengi uwe siasa, ni lazima mtu aueleze kuwa ni dhuluma, aonyeshe ni nani aliyedhulumu, na awape waliodhulumiwa jina moja la kujiitia. Sieyès alipoandika kwamba wenye upendeleo wa kisheria wako nje ya taifa, hakuwa akieleza hali iliyokwisha kuwapo. Alikuwa akichora mpaka, na kuanzia hapo kabaila aliweza kufikiriwa kuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Maneno kama kabaila, mlanguzi na mshukiwa hayakuakisi makundi yaliyokuwa tayari yamesimama yakingoja kuonekana. Yaliyaunda.

Jibu la pili humfanya mwandishi kuwa chanzo cha kila kitu. Mwanasiasa Edmund Burke, akiandika Uingereza mwaka 1790, aliwalaumu watu wa kalamu kwa kushirikiana na wenye fedha kuubomoa utaratibu wa zamani, na mwaka 1797 padri Augustin Barruel alikwenda mbali zaidi, akayaeleza Mapinduzi yote kuwa njama iliyofumwa na wanafalsafa na vyama vya siri. Kasoro ya jibu hili ni kwamba huwageuza wasomaji kuwa udongo mikononi mwa mfinyanzi, watu wasio na akili wala shida zao wenyewe. Aidha, linashindwa kueleza kwa nini waandishi wengi wakali hawakusikilizwa na yeyote, wala kwa nini wafuasi wa mfalme, ambao nao walikuwa na magazeti yenye lugha chafu na kejeli kali, hawakuweza kuugeuza mkondo kwa wingi wa maneno.

Tukio moja linaonyesha ugumu wa kuchagua kati ya majibu hayo. Asubuhi ya 25 Februari 1793, Jean-Paul Marat, daktari aliyeanzisha gazeti L'Ami du peuple Septemba 1789, na ambaye sasa alikuwa mbunge, alichapa katika gazeti lake la wakati huo makala kuhusu walanguzi, yaani wafanyabiashara walioshukiwa kuficha bidhaa ili bei zipande. Alidai humo kwamba katika nchi ambayo haki za wananchi si maneno matupu, kupora maduka machache na kuwanyonga walanguzi milangoni pake kungetosha kukomesha uovu huo. Siku hiyohiyo umati uliyavamia maduka ya Paris na kuchukua sukari, kahawa na sabuni, mara nyingi ukilipa bei ulizozipanga wenyewe. Wapinzani wa Marat bungeni waliiona sababu na matokeo yake. Lakini siku moja kabla, wanawake wafuaji nguo walikuwa wamekwisha kufika bungeni kulalamikia bei ya sabuni, na ghasia zilianza asubuhi mapema mno kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa zilingoja nakala za gazeti. Pengine makala haikumtoa mtu yeyote nyumbani kwake. Je, kwa sababu hiyo Marat hana dhima yoyote?

Miaka 66 baadaye mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, alitumia mfano unaolingana na tukio hilo kwa namna ya kushangaza. Alisema kwamba rai ya kuwa wafanyabiashara wa nafaka huwaua maskini kwa njaa iachwe huru inaposambazwa kwa njia ya magazeti tu, bali inaweza kustahili adhabu ikitamkwa mbele ya umati wenye hamaki uliokusanyika nje ya nyumba ya mfanyabiashara huyo. Kwa Mill, kinachobadilika si maneno bali ni umbali ulio kati ya neno na tendo: palipo na umbali, msomaji hupata nafasi ya kufikiri, kushauriana na kusikia kinyume chake. Hoja hii ni nzuri, lakini inachukulia kwamba gazeti liko upande mmoja na umati uko upande mwingine. Gazeti la Marat lilisomwa kwa sauti ndani ya umati, mtaa mmoja na maduka. Likipimwa kwa kipimo cha Mill mwenyewe, halikuwa maandishi kwa maana aliyoikusudia. Lilikuwa hotuba iliyotumia karatasi kusafiri.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kumfunga Marat kabla ya kusikiliza utetezi wake, kwa sababu alikuwa na nadharia kamili ya kazi yake. Kwa maoni yake, mwandishi ni mlinzi wa zamu wa wananchi. Watawala wana wapelelezi, fedha, askari na usiri, ilhali wananchi wana macho yao tu, hivyo shaka ni wajibu wa raia, na ni afadhali kiongozi mwema ashutumiwe bure, kwa kuwa ana njia elfu za kujitetea, kuliko msaliti mmoja aachwe kwa sababu ushahidi haujakamilika. Matukio yalimthibitisha mara kadhaa. Alikuwa amemshutumu mbunge Mirabeau kuwa amenunuliwa na ufalme, na nyaraka zilizogunduliwa katika sanduku la chuma la mfalme mwishoni mwa 1792 zilionyesha kuwa ndivyo. Alionya kwamba mfalme atatoroka, akatoroka Juni 1791. Alimwita jenerali Dumouriez msaliti, naye Aprili 1793 akavuka akaingia upande wa Waustria. Mwandishi wa adabu na uangalifu asingeandika lolote kati ya hayo, na wananchi wangelijua baada ya kuchelewa.

Nguvu ya utetezi huo, lakini, hukaa yote katika sharti moja ambalo Marat alilitaja bila kulishikilia, nalo ni kwamba mshutumiwa awe na njia ya kujibu. Mirabeau alikuwa na jukwaa la bunge, gazeti lake na marafiki wenye madaraka. Kumshutumu ilikuwa kumwita kwenye mabishano. Mwenye duka wa mtaani, aliyetajwa si kwa jina wala kwa kosa bali kwa kundi analodhaniwa kuwamo, hakuitwa popote. Huwezi kuthibitisha kwamba wewe si mlanguzi mbele ya maandishi yasiyosema umelangua nini, lini na wapi. Tofauti kati ya shutuma ya mtu kwa tendo lake na shutuma ya kundi kwa kuwapo kwake ni kubwa kuliko tofauti kati ya lugha laini na lugha kali, ambayo ndiyo kwa kawaida hushughulikiwa na sheria za uchochezi.

Jacques Hébert aliipeleka hali hii hatua nyingine. Gazeti lake, Le Père Duchesne, liliandikwa kana kwamba msemaji wake ni fundi mzee wa majiko, mvuta kiko, mwenye matusi mdomoni, na matoleo yake yalifunguliwa kwa tangazo la ghadhabu kuu au furaha kuu ya mzee huyo juu ya jambo la siku. Hébert mwenyewe alikuwa mtoto wa sonara wa mji wa Alençon, mwenye mavazi nadhifu, ambaye hakuwahi kutengeneza jiko. Kuvaa sura ya mtu mwingine katika uandishi si kosa; tenzi na tamthilia za kila lugha hufanya hivyo. Tatizo lilikuwa kwamba mzee Duchesne hakujitambulisha kama mtu mmoja mwenye rai yake, bali kama sauti ya wananchi wenyewe, na anayebishana na sauti ya wananchi huwa amekwisha kujiweka nje yao kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Kisha Wizara ya Vita ilinunua malaki ya nakala na kuzigawa kwa askari, hivyo ghadhabu ya fundi maskini ikawa inalipiwa na hazina ya dola.

Wakati huohuo dola hiyohiyo ilikuwa ikiwafunga wengine midomo. Sheria ya 29 Machi 1793 iliweka adhabu ya kifo kwa yeyote ambaye maandishi yake yangechochea kuvunjwa kwa bunge au kurudishwa kwa ufalme. Olympe de Gouges, mwandishi wa tamthilia na mtetezi wa haki za wanawake, alikamatwa kwa ajili ya bango alilotaka libandikwe kutani, ambamo alipendekeza wananchi wapige kura kuchagua kati ya jamhuri moja, shirikisho na ufalme. 3 Novemba 1793 alikatwa kichwa. Pendekezo lake lilikuwa swali, na swali ndilo linaloacha nafasi ya jibu kuliko aina nyingine yoyote ya usemi. Sheria haikupima wito wa kuua wala wito wa kujadiliana; ilipima ukaribu wa mwandishi na wenye nguvu.

Maisha ya Camille Desmoulins ndiyo yanayolionyesha jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Alikuwa wakili mwenye kigugumizi, aliyesoma shule moja na Robespierre, kiongozi wa baadaye wa Mapinduzi, na ambaye 12 Julai 1789 alipanda juu ya meza katika bustani ya Palais-Royal na kuwataka watu wachukue silaha. Mwezi huohuo Joseph Foulon, ofisa wa mfalme, alinyongwa na umati kwenye nguzo ya taa mbele ya ukumbi wa jiji, na miezi miwili baadaye Desmoulins alitoa kijitabu ambamo nguzo hiyo ya taa yenyewe inawahutubia wakazi wa Paris kwa mzaha na majigambo. Alichekesha, akapata umaarufu na lakabu ya mwendesha mashtaka mkuu wa nguzo ya taa. Mei 1793 alichapa kijitabu kingine dhidi ya Jacques-Pierre Brissot na wenzake wa kundi la Wagirondini, ambao wengi wao walikuwa waandishi kama yeye, akiunganisha tetesi, urafiki wa zamani na makosa ya kisiasa kuwa njama moja. Oktoba walishtakiwa, na utetezi wao ulipoelekea kurefuka, bunge lilitoa amri kwamba baada ya siku tatu wajumbe wa juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, waweze kutangaza kuwa wamekwisha kuridhika. Joachim Vilate, mmoja wa wajumbe wa juri katika Mahakama ya Mapinduzi iliyowahukumu, alisimulia baadaye kwamba Desmoulins aliposikia hukumu ya kifo alilia kuwa kitabu chake ndicho kilichowaua.

Desemba 1793 alianzisha gazeti jipya, Le Vieux Cordelier. Toleo la tatu lina mbinu ya kiuandishi inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Septemba ya mwaka huo bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Washukiwa, iliyoruhusu watu kukamatwa kwa mwenendo, mahusiano, maneno au maandishi yao. Desmoulins hakuishambulia moja kwa moja. Alimchukua Tacitus, mwanahistoria wa Roma, akaorodhesha jinsi chini ya makaisari kila hali ilivyoweza kuwa kosa: aliyependwa na watu alikuwa mshindani wa mtawala, aliyejitenga alikuwa na siri, tajiri alikuwa na uwezo wa kuhonga, maskini alikuwa na sababu ya kuthubutu. Kila sentensi ilihusu Roma, na kila msomaji aliiona Paris. Mbinu hiyo ni kinyume cha ile ya nguzo ya taa, kwa kuwa haimwambii msomaji la kufanya. Humwachia kazi ya kulinganisha, na kwa hiyo humtendea kama mtu mwenye akili. Katika toleo la nne aliomba iundwe kamati ya huruma. Januari 1794, katika klabu ya kisiasa ya Wajakobini, Robespierre alipendekeza matoleo hayo yachomwe, naye Desmoulins akamkumbusha, kwa neno la mwanafalsafa Rousseau, kwamba kuyatia maandishi motoni si kuyajibu. Aprili alifikishwa mahakamani pamoja na mwanasiasa mwenzake Danton, na utetezi ulipoanza kusikika nje ya kuta, bunge liliruhusu washtakiwa watakaoitusi mahakama watolewe nje ya kesi yao wenyewe. Alikatwa kichwa tarehe 5, siku 12 baada ya Hébert.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama kisa cha mtu aliyevuna alichopanda, lakini funzo lake la kifalsafa ni jingine. Desmoulins wa 1789 na wa 1793 alitumia kejeli ileile, ujasiri uleule na uhuru uleule. Kilichobadilika ni uhusiano wa neno lake na jibu. Kijitabu dhidi ya Brissot kilikusudia kufunga shauri kabla halijasikilizwa, na kilitolewa na mwandishi ambaye kundi lake lilikuwa njiani kushika mahakama. Le Vieux Cordelier ilikusudia kufungua shauri lililofungwa. Dhima ya mwandishi, basi, haipimwi kwa kuuliza tu kama maneno yake yalifuatwa na damu, kwa kuwa mara nyingi hilo halithibitiki, wala kwa ukali wa lugha yake. Hupimwa kwa kuuliza kama aliyetajwa ameachiwa mahali pa kusimama na kujibu, na kama msomaji ameachiwa muda wa kulisikia jibu hilo.

Swali hilo lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya kisheria pale Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilipowatia hatiani tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na redio RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti Kangura. Yaliyotendeka Rwanda mwaka 1994 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hayawezi kuwekwa mizani moja na mapinduzi ya kisiasa. Lakini majaji walikabiliwa na ugumu uleule wa umbali kati ya neno na tendo. Hukumu ya rufaa ya Novemba 2007 ilitofautisha matangazo ya kabla ya 6 Aprili 1994 na yale ya baada ya tarehe hiyo, wakati mauaji yalipokuwa yakiendelea, na ikapunguza vifungo vya wote watatu bila kuwafutia hatia zote. Sheria ya jinai lazima isimame kwenye ukaribu wa aina hiyo, kwani haiwezi kumwadhibu mtu kwa kiungo kisichothibitishwa. Maadili hayalazimiki kusimama hapo, kwa sababu kazi ya kulitoa kundi la watu katika orodha ya wanaostahili kujibu hufanyika mapema, wakati ambapo mahakama bado haina la kuhukumu.

Pingamizi moja lina uzito. Inaweza kusemwa kwamba kudai nafasi ya jibu ni anasa ya nyakati za amani, na kwamba mnyonge anayepambana na ufalme wenye wadhibiti, magereza na matbaa zote hana wajibu wa kumtafutia adui yake ukurasa. Pingamizi hilo ni sahihi, na kipimo kilichopendekezwa hapa hakilipingi. Mwandishi wa 1788 aliyemshutumu waziri hakumfungia waziri njia yoyote, kwa sababu hakuwa na uwezo huo. Njia zote zilikuwa mikononi mwa waziri. Uwezo wa kumnyima mwingine jibu huja pamoja na ushindi, pale gazeti linaponunuliwa na wizara, pale msomaji wake anapokuwa mjumbe wa juri, pale umati unaolisikiliza unapokuwa na funguo za gereza. Kwa hiyo maneno yaleyale, yaliyokuwa ushujaa kabla ya mapinduzi kushinda, huweza kuwa ukatili baada ya kushinda, bila herufi moja kubadilika. Waandishi wengi wa Paris walishindwa kuutambua wakati huo kwa sababu waliendelea kujiona wanyonge wanaopiga kelele mlangoni, ilhali walikwisha kuingia ndani na mlango ulikuwa wao kuufunga au kuuacha wazi. Mwandishi wa mapinduzi anawiwa ujasiri na wananchi wake maadamu wako chini. Wakishapanda juu, anachowiwa ni kuwatetea haki ya kujibu wale ambao jana aliwashutumu, na deni hilo la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa hudaiwa na watu ambao hakuna tena anayelazimika kuwasikiliza.